Asante Iliyomwaga Dagaa: Kisa cha Baiskeli Tano na Ndoo Moja, Luchelele

Njia inayozungumzwa hapa inaanzia juu, nyuma ya makazi ya upande wa Malimbe, inajipenyeza kati ya majabali, kisha inateremka hadi ziwani Luchelele, Mwanza. Sehemu kubwa upana wake haufiki nusu mita. Hakuna aliyeichonga kwa ajili ya baiskeli. Ni njia ya miguu, imekanyagwa na watu wanaokwenda mwaloni, pale mitumbwi ya wavuvi inapotia nanga, na kurudi, watoto wa shule, mbuzi, na maji ya mvua. Sisi wa baiskeli za gia tuliikuta, tukaipenda, na Jumapili asubuhi tunaitumia kana kwamba tumeikodi.

Kuna kona moja ambayo kila mmoja wetu anaijua. Ukikaribia kumaliza mteremko unakuta jabali refu kuliko paa la nyumba, na njia inalizunguka kwa kukata kulia. Mpaka ulipite huoni kilicho chini, na aliye chini hakuoni wewe. Kulia ni mwamba mtupu. Kushoto, hatua moja nje ya njia, yanaanza matuta ya viazi vitamu ya mzee mmoja, na mihogo michache. Chini ya jabali njia inanyooka kwenye mteremko wa changarawe, ile ya Mwanza inayotokana na granaiti inayomeng'enyuka: punje nene, kavu, zinazobingirika chini ya tairi. Mwezi wa nane, mvua zikiwa mbali, unabana breki na baiskeli inaendelea na safari zake.

Kilichotokea

Jumapili moja ya mwezi huo wa nane, saa moja na nusu asubuhi, waendeshaji wanne wa kundi letu walikuwa wanashuka. Wakati huohuo mwalimu mmoja wa sekondari, mtu mzima wa miaka 50 na kitu, alikuwa anapanda peke yake, gia nyepesi kuliko zote, macho kwenye tairi la mbele, hedifoni sikio moja. Hatua chache nyuma yake alikuwa mama mwenye ndoo ya lita 20 kichwani, imejaa dagaa wabichi, akiwapeleka kuanika kwenye mwamba bapa ulio juu ya jabali. Anayeshangaa baiskeli na mtu wa miguu waliongozanaje hajakipanda kilima kile. Mwendeshaji mzuri pale anakwenda kilomita 5 kwa saa, na mama aliyezoea mzigo haachwi mbali.

Mshukaji wa kwanza alitokeza kwenye kona kwa mwendo wa kistaarabu. Mwalimu alisikia breki, akashuka, akaegemea mwamba. Mama naye akasimama. Yule wa kwanza akapunguza hadi mwendo wa kutembea, akapita akisema, "Asante Mwalimu! Shikamoo mama!" Akaitikiwa. Akateremka zake.

Mwalimu akarudi njiani, akapanda baiskeli, akaanza kukanyaga. Mama akafuata. Sekunde kumi hivi zikapita.

Wa pili akatokeza kwa kasi nyingine kabisa. Alimwona Mwalimu katikati ya njia, akabana breki ya nyuma mpaka gurudumu likafunga, baiskeli ikaanza kuteleza kiubavu, akaielekeza kushoto kwenye matuta. Tairi la mbele lilizama kwenye tuta la kwanza na yeye akavuka juu ya usukani hadi tuta la tatu. Hakumgusa Mwalimu wala mama. Lakini ule mlio wa tairi kwenye changarawe ulimshtua mama, akarudi nyuma hatua moja, mguu ukateleza, ndoo ikaanguka. Dagaa walitawanyika kuanzia miguuni pake hadi kwenye mizizi ya mihogo.

Wa tatu, dada mmoja anayeshuka kwa tahadhari siku zote na kutaniwa kwa hilo siku zote, alisikia kishindo akasimama kabla ya jabali. Alimzuia na wa nne. Hilo la dada lisipite hivihivi: mwendo wake ndio ulioufanya mkasa uishie kwa watu watatu.

Hasara: kiwiko na goti la kijana yule wa pili vilichubuka, rimu ya mbele ilipinda, mkono wa breki ulivunjika, matuta mawili yalibomoka, na ndoo nzima ya dagaa iliingia changarawe. Kisha yakaanza maneno.

"Mwalimu, ulinipisha halafu ukanirudia njiani!"

"Mdogo wangu, nilimpisha mwenzako. Wewe nilikuona saa ngapi?"

Mimi sikuwepo. Niliitwa siku chache baadaye pamoja na wenzangu wawili, tusikilize pande zote na twende tukaione kona yenyewe. Ninachoandika hapa ni walichosema watu wote sita, pamoja na tulichokipima.

Hoja zilivyokwenda

Hoja ya kwanza ilikuwa ile anayoijua kila aliyegusa mchezo huu: anayeshuka ampishe anayepanda. IMBA, chama cha kimataifa cha waendesha baiskeli za milimani kilichoanzishwa California mwaka 1988, kimeiweka kwenye kanuni zake za njia, na sababu zake ziko wazi kwa mwenye miguu. Anayepanda akisimamishwa kwenye mwinuko wa changarawe, kuanza tena ni kazi: tairi la nyuma linazunguka bure, baiskeli inayumba, mwishowe anasukuma hadi mahali pa tambarare. Anayeshuka akisimama, anaachia breki tu anaondoka. Tena anayepanda anatazama mita mbili tatu mbele ya tairi, pumzi zimemjaa. Anayeshuka ndiye mwenye nafasi ya kutazama mbali. Kwa hoja hiyo Mwalimu hana kosa na kijana analo lote.

Watetezi wa kijana walijibu kwamba haki ya njia ni ya mwenyewe, na mwenyewe akiitoa ameitoa. Mwalimu alishuka, akaegemea mwamba, akapisha. Kwa kundi lililokuwa juu, maana yake ni kwamba njia iko wazi. Hoja hii ina mvuto, na baadhi ya watu waliitikia kwa vichwa. Mimi naiona ina tundu kubwa: kijana hakumwona Mwalimu akipisha. Alikuwa nyuma ya jabali. Hawezi kudai ahadi ambayo hakuisikia ikitolewa.

Hoja ya tatu ilikuwa ya wale wanaopenda kikao kiishe mapema: ajali ni ajali, tushukuru Mungu hakuna aliyevunjika. Hiyo niliipita.

Tulikwenda kwenye kona na futi ya fundi. Kutoka pale anapotokeza anayeshuka hadi pale alipokuwa Mwalimu ni mita 12. Kijana alikadiria mwendo wake kuwa kilomita 25 kwa saa, na saa yake ya mkononi haikumpinga. Kwa mwendo huo baiskeli inakula karibu mita 7 kila sekunde, na sekunde moja inapotea kabla mkono haujabana breki sawasawa. Kwenye changarawe ya mteremko kama ule, kwa makadirio yetu, kusimama kunadai mita nyingine 16 hivi. Jumla 23, na ana 12. Hata angekuwa bingwa, hesabu haimtoshi. Angeshuka kwa kilomita 12 kwa saa angehitaji kama mita 7 kwa yote, angesimama, na angepata na muda wa kusema samahani. Kasi ikiongezeka mara mbili, umbali wa breki unaongezeka mara nne; watu wanalisikia hilo kwenye mafunzo ya udereva wa magari, halafu wakipanda baiskeli wanalisahau.

California hiyohiyo, vilima vya Marin kaskazini ya San Francisco, ndiko vijana wa miaka ya 1970 walikuwa wakishindana kuteremka kwa baiskeli nzito zenye breki ya kukanyagia nyuma. Ugomvi na watembea kwa miguu ulipokuwa mkubwa, mamlaka za maeneo yale ziliweka kikomo: kilomita 24 kwa saa, na 8 tu kwenye kona usiyoona mbele au unapompita mtu. Njia nyembamba nyingi zilifungwa kabisa kwa baiskeli. Ile namba 8 ilipotajwa kikaoni watu walicheka. Baada ya kuona futi ilivyosema pale kwenye jabali, kicheko kilipungua.

Kwa hiyo kwenye suala la kasi sina la kumsaidia kijana. Tena zile sekunde kumi hazikuja zenyewe. Alieleza, bila kulazimishwa, kwamba alimwacha wa kwanza atangulie makusudi ili apate njia tupu. Kipande kile cha mteremko kimewekwa kwenye Strava, ile programu iliyoanza mwaka 2009 ambayo inapanga majina ya watu kwa muda waliotumia kwenye kipande fulani cha njia, na yeye alikuwa anakosa sekunde chache tu awe juu. Programu haioni mama mwenye ndoo. Inaona mstari na saa.

Asante

Hadi hapo kikao kilikuwa kimeshajua mkosaji, na watu walianza kuuliza chai iko wapi. Mimi nilikuwa bado na mtu mmoja sijamaliza naye: mshukaji wa kwanza.

Ukiwauliza wote sita ni nani aliyekuwa na adabu kuliko wenzake siku ile, watamtaja yeye. Alipunguza mwendo. Alishukuru. Alimwamkia mama. Mama mwenyewe alimsifia: "Yule wa kwanza mtoto wa watu." Na ukirudisha matukio nyuma moja moja, utakuta ni yeye peke yake aliyekuwa na habari ambayo wengine wote waliikosa. Alijua kuwa nyuma yake wapo watatu. Mwalimu hakujua. Mama hakujua. Alipita hatua moja kutoka kwao, kwa mwendo wa kutembea, mdomo wake ukiwa unafanya kazi, na maneno aliyochagua hayakuwa na habari hiyo ndani yake.

Tena asante yake ilifanya zaidi ya kunyamaza. Ilifunga shughuli. Mtu ukimpisha, akakushukuru na kuondoka, wewe unajua wajibu wako umekwisha, unarudi njiani. Mwalimu alifanya kile ambacho ningefanya mimi na wewe. Angepita kimya huenda Mwalimu angesita kidogo, atege sikio, aone kama kuna mwingine.

Alipoulizwa, kijana huyu wa kwanza alishangaa kweli. Kwake, adabu ya njiani ni jambo kati ya anayepita na anayepishwa. Alikuwa amemaliza deni lake kwa Mwalimu na kwa mama. Hakuona kwamba alikuwa na deni jingine kwa mwenzake aliye nyuma ya jabali, ambaye angetokeza mahali asipotarajiwa kwa sababu yeye hakumtangaza. Nilimwambia, na narudia hapa: kasi ya wa pili ni kosa kubwa, lakini ni kosa linalofanyika kila Jumapili bila kumwaga kitu. Siku ile lilikutana na watu walioambiwa, bila kuambiwa, kwamba njia imekuwa tupu.

Dawa yake ni maneno mawili. Waendeshaji wanaokwenda kwa makundi sehemu nyingi duniani wana desturi ya kumwambia kila wanayempita idadi ya waliobaki. Wa kwanza anasema, "Watatu nyuma!" Wa pili, "Wawili!" Wa tatu, "Mmoja!" Na wa nne anasema, "Mimi wa mwisho!" Huyu wa mwisho ndiye mwenye kazi kubwa, maana yeye ndiye anayewarudishia watu njia yao. Asante iwepo, kwa nini isiwepo, ila ije baada ya idadi. Na kama umepotezana na wenzako hujui wako wangapi, sema hivyohivyo: "Wapo nyuma, sijui wangapi." Anayesikia atajua cha kufanya.

Mama alilisema hili kabla yetu sote, na kwa maneno machache zaidi. "Mngesema tu. Mtu akiniambia mnakuja wanne, mimi nakaa."

Sehemu ya Mwalimu

Mwalimu hakufurahi kusikia kwamba naye anayo sehemu, lakini anayo. Hedifoni kwanza. Sikio moja lilikuwa wazi, ndiyo, na alisikia breki za wa kwanza. Wa pili hakupiga breki kabla ya kona, kwa hiyo kilichokuwa cha kusikika ni tairi kwenye changarawe upande wa pili wa jabali, na hicho kinahitaji masikio yote mawili.

La pili ni gumu zaidi, na hapa wenzangu wawili hawakubaliani nami. Mwalimu alikuwa na haki ya kupita. Aliitoa kwa hisani. Wao wanasema hisani haina kosa. Mimi nasema kwenye kona isiyoona mbele, hisani ya namna hiyo inawachanganya watu, kwa sababu kanuni inafaa pale tu kila mtu anapoweza kubashiri mwenzake atafanya nini. Anayepanda akishikilia njia yake, anayeshuka anazoea kutarajia kumkuta pale. Siku moja akishikilia, siku nyingine akiachia, hakuna anayejifunza kitu. Na ukiamua kuachia, basi achia mpaka uhakikishe wamekwisha: uliza, "Mko wangapi?" Swali hilo halimvunjii mtu heshima. Mwalimu alisema kwa haki kabisa kwamba alikuwa hana pumzi ya kuuliza. Kilima kile nakijua, nikamwachia hapo.

Mama na ndoo

Kikao chote, hadi tulipofika kwenye jabali, kilikuwa kinajadili baiskeli mbili. Ilichukua muda kukumbuka kwamba mwenye njia alikuwa mtu wa tatu. Kanuni zilezile za IMBA zinasema baiskeli inampisha kila mtembea kwa miguu, anayepanda na anayeshuka. Huko zilikoandikiwa walimfikiria mtu wa mapumziko mwenye begi dogo na chupa ya maji, ambaye akiona baiskeli anaruka kando. Huku anayetembea ana kilo kadhaa kichwani, na ni jambo jingine kabisa.

Mwangalie mama mwenye ndoo akipanda. Shingo imenyooka, haiwezi kuinama kutazama mahali pa kukanyaga. Mguu unapapasa wenyewe. Mkono mmoja uko juu, umeshika ukingo. Hawezi kugeuka ghafla akitaka kujua kelele inatoka wapi, maana ndoo haigeuki naye. Kumwambia asogee kwenye mawe au kwenye tuta ni kumwambia aanguke. Wa kusogea ni wewe, tena mapema, kabla hajaanza kuhangaika na swali la utapita wapi.

Na kusogea kwenyewe kuna ufundi. Watu wengi wanasimama njiani na kuinamisha baiskeli kando, wakidhani wamepisha. Usukani wa baiskeli za milimani za siku hizi una sentimita 76 hadi 80. Njia haifiki 50. Ukisimama na baiskeli upande wa anayepita, ncha ya usukani inanasa khanga au inagonga kiwiko cha mkono ulioshika ndoo. Shuka, toka njiani kabisa, wewe uwe kati ya mama na baiskeli. Mguu wako ndio uingie kwenye tope au miiba.

Kengele je? Waendesha baiskeli wa mkaa na wa maziwa, ambao baiskeli zao zina uzito kuliko sisi na baiskeli zetu, wote wana kengele. Sisi tumezing'oa kupunguza gramu. (Halafu tunabeba tumbo.) Kengele zirudi. Lakini hata kengele ina upungufu wake njiani: inasema upo, haikuambii kama umesikika. Na kelele ya "Njia! Njia!" ya wasukuma mikokoteni inamfanya mtu aruke, jambo usilotaka kwa aliyebeba mzigo. Kinachofanya kazi ni salamu ya mbali. "Mwangaluka, mayu!", yaani habari za asubuhi, mama, kwa Kisukuma, ukiwa bado mita 20, kwa sauti ya kawaida. Anaitikia. Kuitikia kwake ndiko kunakokupa uhakika kwamba amekusikia, anajua uko upande gani, na kwa sauti yake unajua kama amechoka au yuko sawa. Asipoitikia, hujasikika; simama.

Kwa ng'ombe ni kimya. Usipige kengele nyuma ya ng'ombe kwenye njia nyembamba. Ongea na mchungaji, mwache awapeleke pembeni kwa wakati wake.

Malipo

Hapa nataka kukaa kidogo, kwa sababu pole ilikaribia kuharibu kuliko ajali.

Kijana alipoinuka kutoka kwenye tuta, damu kwenye kiwiko, alimfuata mama moja kwa moja, akatoa noti ya elfu kumi kwenye mkoba wa simu na kumnyooshea kwa mkono mmoja, helmeti bado iko kichwani. Nia ilikuwa njema. Mama aliitazama noti, hakuipokea. "Hela yako iweke. Njoo tuokote."

Wakachuchumaa wote, baiskeli zimelazwa ovyo, wakaokota dagaa mmoja mmoja kutoka kwenye changarawe. Dagaa mbichi akishagusa mchanga mchanga haumtoki. Unanata kwenye magamba, na ukimwosha ananyauka. Waliojaa tena kwenye ndoo walikuwa kama theluthi mbili, na wote mama alijua wanakwenda kuwa chakula cha kuku, kwa bei ya chakula cha kuku. Kijana hakulijua hilo. Alidhani kwa kuwa wameokotwa, hasara imepungua.

Mwalimu ndiye aliyeokoa hali. Alisubiri mpaka kazi ya kuokota imekwisha, akavua helmeti, akamwomba mama radhi kwa niaba ya wote, kisha akamchukua kijana wakateremka wawili hadi mwaloni kuuliza ndoo ya dagaa wabichi imeuzwa bei gani asubuhi ile. Ilikuwa zaidi ya ile noti. Walilipa bei hiyo na ujira wa kazi ya kupandisha ndoo nyingine, wakaikabidhi kwa mikono miwili, mbele ya binti ya mama. Kijana aliniambia kwamba kule mwaloni ndiko alikoona aibu, si pale kwenye tuta.

Mwezi

Kitu kimoja kilitoka kwenye maelezo ya mama ambacho hakuna hata mmoja wetu aliyewahi kukifikiria, na tumepita pale miaka. Dagaa wa ziwani huvuliwa usiku kwa taa, na taa inawavuta vizuri wakati hakuna mbalamwezi. Mwezi ukiwa mkubwa, mitumbwi mingi ya dagaa inapumzika. Maana yake, asubuhi za siku za giza njia ya Luchelele imejaa kina mama wanaopanda na ndoo na mabeseni, na asubuhi za mbalamwezi iko tupu. Jumapili ile ilikuwa katikati ya giza. Kundi zima lilikagua upepo wa matairi, mafuta ya cheni na utabiri wa hali ya hewa, na hakuna aliyetazama juu.

Sasa ratiba inafuata mwezi. Siku za giza njia hiyo inaendeshwa jioni tu, au haiendeshwi. Wachache wamelalamika kwamba mwaloni isiwe ndiyo inayowapangia mazoezi. Njia ni ya mwaloni tangu hapo.

Kwenye jabali tumekubaliana kushuka kwa mwendo wa kutembea, bila hesabu ya nani ni hodari wa breki. Kile kipande cha Strava kimeripotiwa kuwa cha hatari, chaguo ambalo programu yenyewe inalo, na orodha ya muda wake haionekani tena. Kijana hakupinga. Amebaki anabishana kwamba sehemu ya juu, iliyo wazi na inayoonekana mbali, iachwe, na kwa hilo nadhani ana haki.

Mzee wa viazi

Mzee mwenye matuta hakuwepo siku ya ajali, na tulipomwendea tulitarajia madai ya viazi. Hakuyajali. Tuta linainuliwa kwa jembe asubuhi moja, alisema. Kilichomkera ni mfereji. Gurudumu lililofungwa breki lilichimba mchirizi kutoka kwenye kona hadi ukingo wa shamba, na haukuwa mmoja. Alituonyesha mingine ya zamani, yote inaelekea kwake. Kila mtu anayebana breki mpaka gurudumu likafunga anamchimbia mzee njia ya maji. Vuli ikianza, maji ya kilima yataingia humo na kuteremka na udongo wa juu hadi ziwani. Alikuwa ameliona hilo msimu uliopita, na hakuwa na mtu wa kumwambia, kwa sababu tulikuwa tunapita haraka.

Jumamosi iliyofuata watu saba walikwenda na majembe mawili na sururu. Michirizi ya chini ilizibwa na kushindiliwa, matuta yakainuliwa, na mawe yakapangwa kimshazari ili maji yageukie kwenye mwamba. Mzee alisimamia, akabomoa mstari mmoja wa mawe uliowekwa vibaya na kuupanga upya mwenyewe. Mfereji wa juu, karibu na jabali, haukwisha. Unahitaji mawe makubwa zaidi na watu wa kuyabingirisha, na inabidi uwe umekamilika kabla ya mwezi wa kumi.